Kufuata gari kwa karibu na kugonga kwa nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu dereva wa Tanzania Bara: mwenye gari dogo anayekwenda Posta kila asubuhi, dereva wa daladala, wa basi la mkoani, wa semitrela linalopeleka mzigo Tunduma. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri barabarani, lakini bima pande zote mbili inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa hiyo sehemu ya bima kwa kiasi kikubwa inamhusu na dereva wa huko. Mwanzo ni barabara, kisha fedha. Nimeanza na barabara kwa makusudi, maana maswali mengi ya fidia yasingeulizwa kama kungekuwa na nafasi kati ya bampa na bampa.

Nifuate gari la mbele kwa umbali gani?

Pima kwa sekunde, usipime kwa mita. Chagua kitu kisichotembea kando ya barabara: nguzo ya umeme, kibao, kivuli cha mwembe kilichoanguka kwenye lami. Buti la gari la mbele likikipita, hesabu kwa mwendo wa kawaida wa kuongea: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Kama bampa yako imefika pale kabla hujamaliza, uko karibu mno. Ondoa mguu kwenye mafuta, subiri kidogo, uhesabu tena.

Sekunde zinafaa kwa sababu umbali unakua wenyewe mwendo unapokua. Kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde mbili ni kama mita 28. Kwenye 80 ni mita 44. Kwenye 100 ni mita 56. Kukadiria mita 44 kwa macho ukiwa nyuma ya usukani ni kazi ngumu hata kwa mzoefu, ila kuhesabu kila mtu anaweza, hata wa leseni ya juzi.

Je, sekunde mbili zinatosha kusimamisha gari?

Hazitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Hesabu ya sekunde mbili inachukulia kwamba gari la mbele nalo litashika breki na kupungua mwendo kidogo kidogo, kwa hiyo unachohitaji ni muda wa wewe kushtuka na kukanyaga breki. Lakini gari la mbele likilivaa lori lililoharibika barabarani, halipungui mwendo. Linasimama palepale, na wewe unahitaji umbali wote wa kusimama.

Tufanye hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Mpaka jicho lione, akili iamue na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwisha, na umetembea mita 33 bila kupunguza chochote. Breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazima, zinataka kama mita 36 nyingine. Jumla inafika karibu mita 70. Kwenye 100 jumla inakaribia mita 100, na kwenye 50 ni kama 35. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Ndiyo maana anayesema "nimeongeza kidogo tu" anakuwa ameongeza zaidi ya anavyofikiri.

Chukua sekunde mbili kama kiwango cha chini kabisa, cha mchana, lami kavu, gari dogo lenye breki nzima. Kwenye barabara kuu kama ya Chalinze kwenda Morogoro, ushauri wangu ni tatu. Na ukiwa umebeba abiria kumi na wanne na mizigo juu, nne.

Mvua ikinyesha?

Zidisha mara mbili. Hatari kubwa iko kwenye manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, wakati mafuta na vumbi vilivyokaa kwenye lami miezi mingi vinachanganyika na maji na kufanya utelezi. Vuli inapoanza, ajali za kugongana kwa nyuma unaziona Dar es Salaam hata kwenye mwendo mdogo. Matairi ya mtumba yaliyoisha kashata yanaongeza tatizo, kwa sababu mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji chini yake. Ukungu wa Mufindi na Njombe una kanuni hiyo hiyo: usifuate taa za nyuma za mwenzako ukidhani anajua njia. Huenda na yeye anamfuata wa mbele yake.

Gari langu lina ABS. Si linasimama haraka zaidi?

ABS inazuia matairi yasijifunge ili uendelee kuugeuza usukani huku umekanyaga breki. Haikufupishii muda wa kushtuka. Na kwenye changarawe au vumbi jingi, umbali wa kusimama unaweza hata kurefuka.

Kwa nini inasisitizwa sana kutosogelea malori na mabasi?

Kwa sababu kugonga lori kwa nyuma si sawa na kugonga gari dogo mwenzako. Sakafu ya trela iko juu kuliko bampa yako. Boneti linapita chini, na kinachokutana na chuma ni kioo cha mbele, halafu walioketi nyuma ya kioo hicho. Sehemu ya mbele ya gari, iliyotengenezwa ili ijikunje na kupunguza nguvu ya pigo, haijagusa kitu. Mkanda unafanya kazi yake na mfuko wa hewa pengine unafumuka, lakini chuma kimeshaingia walipo watu. Abiria wa kiti cha mbele hufa kwenye ajali za mwendo ambao kwa gari na gari wangetoka na michubuko.

Jambo la pili ni kuona. Ukiwa umejibana nyuma ya semitrela, wewe unaona milango ya kontena tu, na dereva wake hakuoni kabisa. Kama huvioni vioo vyake vya pembeni, yeye hajui kwamba upo. Madereva wengi wanajibana hivyo ili wapate upenyo wa kulipita lori, na kumbe ukirudi nyuma mita thelathini ndipo barabara inafunguka mbele ya macho yako na unaamua vizuri. Indiketa ya dereva wa lori, ile ya kukuambia "pita", ni hisani yake. Haihamishi wajibu wako: ukigongana uso kwa uso, aliyelipita lori ni wewe.

La tatu ni usiku. Lori likiharibika, mara nyingi utingo anakata matawi na kuyatandaza barabarani kama onyo. Pembetatu za kuakisi mwanga ndizo zinazotakiwa, lakini matawi ndiyo utakayoyakuta. Anayemfuata mwenzake kwa mita kumi hayaoni matawi hayo mpaka yapo chini ya gari lake.

Na sisi tunaoendesha mabasi na malori?

Mwendo wenu wa juu ni kilomita 80 kwa saa kwa gari linalozidi kilo 3,500, na breki za upepo zina kuchelewa kidogo kati ya kukanyaga na kushika, mbali na uzito wenyewe. Kwenye mteremko kama wa Kitonga breki zilizochoka kwa joto zinaweza kukataa kabisa. Shuka kwa gia ndogo na umpe wa mbele nafasi ambayo mtu wa gari dogo angeiona ni ya kupita kiasi. Kama basi lako lina kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kumbuka kwamba kinafuatilia mambo kama kasi. Unavyobanana na wa mbele hakikioni.

Nikiacha nafasi, wenzangu wananichomekea. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ni la haki. Kwenye Barabara ya Mandela au Kimara saa kumi na mbili asubuhi, ukiacha nafasi ya gari moja anaingia mtu na bajaji mbili.

Waache waingie. Anayekuchomekea amekuchukulia kama sekunde mbili. Ukiondoa mguu kwenye mafuta unajenga nafasi yako upya, na sekunde mbili zile ndizo gharama yote uliyolipa. Hata wakikuchomekea watu ishirini kutoka Kibaha hadi Ubungo, umechelewa chini ya dakika moja. Hesabu hiyo nimewafanyia madereva wengi na bado hawaipendi, kwa sababu kinachowauma si muda. Ni kuhisi kwamba wamepunjwa. Nawaelewa. Lakini nafasi ile haikuwa mali yako ya kulindwa na mtu mwingine asiikanyage. Kazi yake ni kukupa wewe muda wa kusimama, na kila anayeingia anaihamisha nyuma kidogo tu.

Kwa upande wa lawama, anayekata mbele yako ghafla na kushika breki ana sehemu kubwa ya kosa. Tutafika huko. Shida ni kwamba utatakiwa kuonyesha kwamba alikata, na bila kamera ya dashibodi au shahidi, trafiki atakuta picha ile ile ya kila siku: pua yako imeingia kwenye buti lake.

Kwenye foleni inayosogea polepole?

Simama pale unapoweza kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Ukiyaona, una nafasi ya kukwepa likizimika, na hata ukigongwa kwa nyuma huenda usisukumwe hadi kwenye gari la mbele. Kwenye kilima, ongeza. Magari ya gia za mkono yanarudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka.

Aliye nyuma yangu ananibana na kuniwashia taa. Nifanyeje?

Usimkomoe kwa breki za ghafla. Wanaofanya hivyo wanadhani sheria ya "wa nyuma ana makosa" inawalinda, na haiwalindi ikionekana ulikusudia. Zaidi ya hayo, aliye nyuma anaweza kuwa ni basi.

Fanya mambo mawili. Ongeza nafasi ya mbele yako, ili kukitokea kitu wewe ushike breki taratibu na yeye apate muda. Halafu, palipo salama, washa indiketa ya kushoto, punguza mwendo, mpishe aende. Akikupita, mambo yake na wewe yameisha.

Nikifuata nyuma ya ambulensi au msafara wa kiongozi napata njia. Kuna ubaya?

Upo. Ambulensi inashika breki na kukata kona bila utaratibu unaouzoea, na waliompisha wanarudi barabarani mara tu inapopita. Wewe huonekani kwao, na hukupewa kipaumbele na mtu yeyote. Ukigonga au ukigongwa hapo, utapata shida kubwa kujitetea.

Je, aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye makosa siku zote?

Siku zote hapana. Mara nyingi sana, ndiyo.

Dereva ana wajibu wa kuendesha kwa namna ambayo anaweza kusimama kwa kile anachoweza kukiona mbele. Aliyegonga kwa nyuma, kwa kawaida, ameshindwa wajibu huo, kwa hiyo trafiki, mkaguzi wa bima na hakimu wote wanaanzia kwake na kumtaka aeleze. Tofauti na wanavyoamini wengi, hapo ni mwanzo wa uchunguzi, na maelezo yenye ushahidi yanaweza kugeuza mambo. Ujerumani wana desturi ya aina hiyo hiyo mahakamani, pamoja na kanuni yao ya barabarani ya kuacha mita sawa na nusu ya mwendo unaosomeka kwenye dashibodi.

Gari la mbele linaweza kubeba lawama yote au sehemu yake kama lilikuwa linarudi nyuma. Kama liliserereka nyuma kwenye kilima. Kama lilichomekea na kushika breki papo hapo. Kama taa zake za breki zilikuwa hazifanyi kazi. Kama lilisimama gizani katikati ya barabara bila taa wala viakisi mwanga. Au kama daladala lilisimama kuchukua abiria mahali pasipo kituo bila ishara yoyote. Kila moja ya hayo linahitaji kuonyeshwa. Taa mbovu za breki, kwa mfano, zinaweza kukaguliwa siku hiyo hiyo wakati trafiki anaangalia magari, na ukingoja wiki mbili utakuta balbu mpya.

Sheria yetu inaruhusu lawama kugawanywa. Mahakama inaweza kusema lori lililotelekezwa bila viakisi lina sehemu kubwa, na dereva aliyelivaa kwa mwendo wa kasi ana sehemu iliyobaki, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hicho.

Ukishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu na mahakama ikakutia hatiani, hukumu hiyo inaweza kutumiwa dhidi yako kwenye kesi ya madai. Usikubali shtaka mahakamani kwa haraka ya kutaka kuondoka, kama huamini kwamba una kosa.

Tulikuwa magari matatu. Wa nyuma alinigonga, nikamgonga wa mbele. Nani analipa?

Kila kitu kinategemea mpangilio wa mapigo. Kama ulikuwa umeshasimama salama, na wa nyuma akakusukuma, basi yeye anabeba uharibifu wako wa nyuma na wa mbele, na uharibifu wa gari lililo mbele yako. Kama wewe ulimgonga wa mbele kwanza, kisha ndipo ukagongwa, utabeba pigo lako kwa wa mbele, na wa nyuma atabeba alichokuvunjia wewe kwa nyuma.

Swali linaloamua mara nyingi ni hili, kwa dereva wa gari la mbele kabisa: ulisikia mshindo mmoja au miwili? Mmoja unaonyesha kwamba gari la katikati lilisukumwa. Miwili unaonyesha kwamba liligonga lenyewe halafu likagongwa. Mwulize palepale, mbele ya trafiki, kabla hajaondoka na kumbukumbu hazijachanganyika.

Breki zilifeli ghafla. Huo si utetezi?

Ni utetezi kama unaweza kuonyesha kwamba gari lilikuwa linatunzwa na ubovu ule usingeonekana kabla. Risiti za gereji zinasaidia hapa kuliko maneno. Kama pedi zilikwisha siku nyingi na zilikuwa zinalia, utetezi huo unageuka kuwa ushahidi dhidi yako, na kampuni ya bima inaweza kuuliza kwa nini gari bovu lilikuwa barabarani.

Bima ndogo inalipa nini nikigonga mtu kwa nyuma?

Inamlipa yule uliyemgonga. Gari lako halimo.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima inayofidia kifo na majeraha ya watu wengine. Mikataba mingi ya bima ndogo inaongeza uharibifu wa mali ya mtu mwingine, hadi kikomo kilichoandikwa ndani yake. Tafuta kikomo hicho kwenye mkataba wako leo, maana ukigonga gari la thamani kubwa na kikomo kikawa kidogo, tofauti utadaiwa wewe. Taa moja na mlango wa nyuma wa gari jipya vinaweza kumshtua mtu.

Watu wengi hukata bima ndogo kwa ajili ya trafiki tu, na siku ya ajali ndipo wanapogundua kwamba boneti, rejeta na taa zao za mbele ni juu yao. Kwa anayeendesha kwenye msongamano kila siku, naona ni uamuzi wa kufikiria mara mbili.

Na bima kubwa?

Inalipa uliyemgonga na inatengeneza gari lako pia, hata kama kosa ni lako, ukiondoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema utakibeba mwenyewe. Kwa gari binafsi ada iliyozoeleka ya bima hii ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT juu yake. Utapoteza punguzo la ada la kutodai mwaka unaofuata, kama ulikuwa nalo.

Ukiwa wewe ndiye uliyegongwa, una njia mbili: kudai kwa bima ya aliyekugonga, au kutengenezewa na bima yako, kisha yenyewe ikamfuata aliyekugonga na bima yake kwa jina lako. Njia ya pili mara nyingi ni ya haraka. Lakini huwezi kulipwa kote kuwili kwa hasara ile ile.

Thamani uliyoandikisha iwe ya kweli. Ukiandika gari la milioni 20 kuwa la milioni 10 ili ulipe ada ndogo, fidia inaweza kukatwa kwa uwiano huo, hata kwa bampa tu.

Nimegonga au nimegongwa sasa hivi. Nifanye nini?

Simama. Washa taa zote za tahadhari, weka pembetatu mbali nyuma, sio hatua tatu kutoka kwenye buti. Angalia watu kwanza. Kama kuna aliyeumia, magari yabaki yalipo hadi trafiki apime na kuchora ramani ya ajali, isipokuwa kama kuyaacha kunaleta hatari nyingine.

Piga picha kabla chochote hakijasogezwa: mahali magari yalipo ukilinganisha na mistari ya barabara, alama za matairi, vioo vilivyovunjika, namba za usajili, stika au taarifa za bima, leseni. Rudi nyuma hatua ishirini upige moja inayoonyesha eneo zima. Picha za karibu za bampa hazielezi nani alikuwa wapi. Chukua simu za mashahidi, na usiwasahau abiria wa daladala, kwa sababu watapanda gari jingine na hutawaona tena.

Toa taarifa polisi na kwa kampuni yako ya bima haraka. Bima watataka ripoti ya polisi ya ajali, fomu ya PF 90, pamoja na nakala ya leseni na kadi ya gari. Usianze kutengeneza gari kabla mkaguzi wao hajaliona.

Kumwambia mwenzako pole si kukiri kosa, na hakuna sababu ya kunyimana ubinadamu. Kinachoharibu ni kusema au kuandika "mimi ndiye niliyekosa, nitalipa kila kitu". Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali lawama bila idhini yao.

Mwenzangu anasema tumalizane hapahapa. Nikubali?

Kwa mkwaruzo wa rangi, watu wawili waelewa, hakuna aliyeumia, naelewa kwa nini unataka kukubali. Hasara yake ni kwamba uharibifu wa kugongwa kwa nyuma unajificha. Bampa ya plastiki inarudi na kukaa kama haikuguswa, huku chuma cha ndani kimepinda, sakafu ya buti imejikunja na mlango unafunga kwa kulazimishwa. Fundi akifungua, laki moja uliyopokea barabarani haitoshi hata kazi ya kunyoosha.

Ukiamua kumalizana, andikeni. Majina, namba za magari, tarehe, kiasi, kwa ajili ya uharibifu upi, na sahihi zenu. Lipaneni kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Ujue pia kwamba ukishamalizana bila kuitaarifu bima yako, kurudi baadaye kuidai ni vigumu sana. Na kama mtu ameumia hata kidogo, msimalizane.

Gari halikuharibika sana lakini shingo inauma. Nidai?

Nenda hospitali kwanza, uchukue PF 3 polisi, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, utunze kila risiti. Maumivu ya shingo baada ya kugongwa kwa nyuma huweza kuanza kesho yake, kwa sababu kiwiliwili kinasukumwa mbele na kiti wakati kichwa kinabaki nyuma. Egemeo la kichwa lililoshushwa hadi mabegani halizuii chochote. Lipandishe lifike usawa wa juu ya masikio, leo, kwa kila kiti. Madai ya majeraha yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu, lakini ushahidi wa daktari wa siku ile ile hauna mbadala.

Nilikuwa naendesha gari la kampuni. Nadaiwa mimi au mwajiri?

Kama ulikuwa kazini, mwajiri anawajibika pamoja nawe kwa fidia. Adhabu ya kosa la uendeshaji, kwa kawaida, ni ya dereva. Na mwajiri anayekupangia ratiba ambayo haiwezekani bila kubanana na magari ya watu, mwambie kwa maandishi.

Aliyenigonga hana bima, au nashuku stika yake ni ya kughushi.

Hakiki kwa namba ya usajili wa gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS kupitia simu yako, ukiwa bado pale. Ikiwa hana bima, ana kosa lingine la jinai, na wewe unabaki kumdai yeye na mwenye gari moja kwa moja. Hapo ndipo bima kubwa inapokufaa.

Nikivuka mpaka?

Bima yako ya ndani haivuki nawe. Kwa nchi kama Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya unahitaji Kadi ya Njano, bima ya safari za nje ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Inafidia watu wengine kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya nchi ile uliyomo. Kenya, kwa mfano, bima ya lazima chini ya Sura ya 405 inahusu vifo na majeraha, na ina kikomo cha shilingi za Kenya milioni 3 kwa mtu mmoja. Ukigonga huko, toa taarifa polisi wa huko na ofisi ya Kadi ya Njano ya nchi ile kabla ya kugeuza gari kurudi nyumbani.

Kampuni ya bima inanizungusha. Niende wapi?

Andika malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, upate nakala iliyogongwa muhuri. Wakikukatalia, wadai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Ukishindwa hapo, peleka nakala zote kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, au kwa TIRA, ambayo ina ofisi za kanda. Huhitaji wakili kuanzisha malalamiko. Unahitaji mkataba, PF 90, picha zako, na tarehe ya kila barua na kila simu uliyopiga.